Hodi Katika Mtaa wa Bo-Kaap



Wasomaji wetu watukufu, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu ambao waraka huu hufika mikononi mwenu kabla ya wanaume wa nyumba kuuona, juma hili hatuna masala ya twahara wala ya mirathi. Tumerudi safari. Mtoto wa ndugu yetu anasoma chuo kikuu katika jiji la Cape Town, Afrika Kusini, na kwa miaka miwili amekuwa akituita tukamzuru. Mwenyezi Mungu akatuwezesha, tukaenda, tukakaa siku kumi, tukarudi salama. Mama watoto hakuweza kufuatana nasi kwa sababu ya maradhi ya magoti, basi tukamwahidi kwamba kila tutakachokiona tutampigia picha.

Ahadi tuliitimiza kwa kupita kiasi. Usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya chakula, tulimkalisha kitako tukamfungulia simu, naye akazitazama zote mia mbili na kitu. Alitazama kwa subira. Alipofika mwisho aliivua miwani, akatuuliza, "Maalim, mtaa huu umehamwa? Wenyewe wako wapi?"

Tulizirejea picha tukakuta asema kweli. Nyumba za kila rangi, milango, ngazi, minara, mlima nyuma yake. Binadamu hakuna, isipokuwa watalii wawili waliopita mbele yetu kwa bahati mbaya. Na hili lina kisa, tutakifikia.

Mtaa wenyewe unaitwa Bo-Kaap. Uko juu ya jiji, ubavuni mwa kilima kiitwacho Signal Hill, na jina lake kwa lugha ya Kiafrikana lina maana ya upande wa juu wa Kaap. Zamani wakiuita Mtaa wa Wamalay. Ukisimama katika barabara ya Wale ukatazama juu, unaona nyumba zimeshikana bega kwa bega kama maamuma katika safu, moja ya manjano ya bizari, ya pili waridi, ya tatu kijani cha ndimu mbichi, ya nne buluu ya bahari ya kaskazi, na hivyo hivyo mpaka barabara ipandapo ikaishia mlimani. Hakuna nyumba mbili zinazofuatana zenye rangi moja. Njia nyingine zimetandikwa mawe, na miguu ya mtu aliyezoea mchanga wa pwani huziona ngumu. Kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu za taifa, saa sita za mchana, mzinga hupigwa juu ya kilima hicho. Siku ya kwanza sisi tulitaka kulala chini. Kijana wetu akacheka mpaka akajishika mbavu.

Tulipozitazama nyumba zile kwa karibu tuliona jambo lililotupa uchangamfu. Mbele ya kila nyumba kuna ukumbi wa nje ulioinuliwa juu ya barabara, una vidato pembeni, na mahali pa kukaa. Wao huuita stoep. Sisi tuna jina letu tangu zama za mababu: baraza. Ni ile ile. Mzee anakaa jioni, jirani anapita na salamu, mtoto anatumwa dukani huku anaangaliwa. Watu waliojenga pale hawakutujua wala sisi hatukuwajua, lakini haja ya kukaa mlangoni bila ya kuwa barabarani ni moja.

Tofauti nayo ipo, na ni kubwa. Nyumba ya Lamu huficha uzuri wake. Kwa nje ni ukuta wa mawe usiosema neno, na pengine mlango wa nakshi; ukipita daka ukaingia ndani ndipo unapokutana na msana, na vidaka vya chokaa vilivyochongwa safu juu ya safu, kwa ajili ya wenye nyumba na wageni wao tu. Nyumba ya Bo-Kaap imevaa rangi zake nje, kama bibi arusi aliyetokezwa. Yeyote apitaye anakula kwa macho. Sisi twaamini ya kwetu imekingwa zaidi na fitina ya kamera, ingawa haikukingwa na fitina ya pesa. Nyumba ngapi za Lamu na Shela leo zina mwenyewe anayekuja wiki mbili kwa mwaka?

Hizo nyumba za mlimani hazikujengwa kwa ajili ya waliozirithi. Nyingi za mwanzo zilijengwa miaka ya 1760 na Mholanzi aitwaye Jan de Waal ili azikodishe. Moja ya wakati huo bado iko, namba 71 katika barabara ya Wale, na tangu 1978 ni makumbusho. Waliozijaza baadaye walikuwa mafundi na watumwa walioachwa huru, pamoja na kizazi chao. Asili zao zilikuwa visiwa vya Indonesia, Bara Hindi, Ceylon, Madagaska na Msumbiji. Hili la Msumbiji tunalitaja kwa makusudi, kwa sababu watu hudhani Waislamu wa Kaap wote ni "Wamalay". Nasi tuliziona nyuso pale ambazo zingepita Kibokoni bila ya mtu kugeuka.

Katika barabara ya Dorp uko msikiti unaoitwa Auwal, maana yake wa kwanza, na hakika ndio wa kwanza katika Afrika Kusini. Ulianzishwa 1794. Tunaomba dada zetu waisikilize habari hii vizuri. Kiwanja cha msikiti huo kilikuwa milki ya mwanamke, Saartjie van de Kaap, wa ukoo wa mtumwa aliyeachwa huru, Coridon wa Ceylon. Imamu wake wa kwanza alikuwa Abdullah bin Qadhi Abdus-Salaam, mwana wa kisiwa cha Tidore, ambaye watu walimwita Tuan Guru. Waholanzi walimleta 1780 akiwa mfungwa, wakamtia katika kisiwa cha Robben, kile kile alichofungwa Nelson Mandela karibu miaka mia mbili baadaye. Huko gerezani, hana msahafu wa kutazama, aliiandika Qur'ani kwa mkono wake kutoka kifuani. Alipotoka alisomesha watoto wa watumwa na watumwa wenyewe, wakati ambapo ibada ya Kiislamu hadharani bado ilikuwa imekatazwa na sheria. Swala ya Ijumaa ya mwanzo ya hadhara aliisalisha katika machimbo ya mawe yaliyoachwa, hapo hapo mtaani.

Msikiti wenyewe si mkubwa. Mnara wake ni mwembamba, ukuta wa kijani, na mtu mwenye haraka hupita asiutambue. Tuliswali Adhuhuri, na baada ya swala tukaoneshwa msahafu wa Tuan Guru umewekwa ndani ya kioo. Hatukuupiga picha. Si kwamba tulikatazwa; mkono haukwenda. Wasomaji watustahi, lakini mtu aliyelelewa chuoni kwa ubao na wino anajua uzito wa karatasi ile.

Wao ni Mashafii kama sisi. Na kama sisi, waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu: Kiafrikana, lugha ambayo leo wengi huidhania ya makaburu peke yao, iliandikwa kwa herufi hizo katika vyuo vya Kaap, kama mababu zetu walivyoandika Kiswahili. Kitabu mashuhuri cha namna hiyo ni Bayan al-Din cha Abu Bakr Effendi, mwanachuoni aliyetumwa na dola ya Uthmaniyya akafika mwanzoni mwa miaka ya 1860. Kilichapishwa Istanbul 1877. Bwana huyo alikuwa na elimu nyingi lakini alikuwa Mhanafi, akawafutu watu wa Kaap kwamba kamba mawe ni haramu. Kwa watu wa bahari! Ghasia iliyozuka tunaweza kuikisia bila ya kusimuliwa.

Kuhusu Maulidi, tulisimuliwa na akina mama wa huko jambo ambalo hatukuliwahi kwa macho, kwani haukuwa msimu wake. Siku ya Maulidi wanawake na wasichana hukaa msikitini, wakakatakata majani ya mchungwa vipande vyembamba kama nyuzi, wakayachanganya na mafuta mazuri, wakayafunga katika vikaratasi vya rangi ili wapewe wanaume wanaokuja kusoma Maulidi usiku. Msikiti mzima hunukia. Tulipompa mama watoto habari hiyo aliuliza swali moja tu: kwa nini wapewe wanaume? Kwetu kikuba cha asumini na rehani huvaliwa na aliyekitunga.

Sasa tuje kwenye kisa.

Ilikuwa siku ya nne, asubuhi ya Jumapili. Tumesema Jumapili kwa sababu siku hiyo nyumba za Bo-Kaap huuza koesister, ambazo ni kama mahamri ya mviringo yenye iliki na mdalasini, yakatumbukizwa katika shira na kunyunyizwa nazi. Tulikuwa tumevaa kanzu na kofia ya vito, simu mkononi, tunapanda barabara ya Chiappini. Kila hatua mbili tunapiga picha. Tukafika kwenye nyumba ya manjano ambayo mlango wake ulikuwa wa samawati na umefunguliwa, na jua la asubuhi limeingia mpaka ndani ya ukumbi. Ilikuwa picha nzuri. Tulikanyaga kidato cha baraza ili tuipate vizuri, tukaipiga.

Ndani ya picha, tulipoitazama, alikuwamo msichana wa miaka kumi na mitano hivi, amesimama mbele ya kioo anajifunga mtandio, nywele nusu ziko wazi.

Kabla hatujasema kitu bibi mmoja mzee alitoka, mkono unamtoka unga. Hakupiga kelele. Alitutazama kuanzia kofia mpaka viatu, kisha akasema na kijana wetu kwa Kiingereza, kana kwamba sisi hatupo: "Huyu ni sheikh?" Kijana akajibu kwamba ndiye. "Basi salamu yake iko wapi?"

Wasomaji, sisi tumesomesha Suratun Nur kwa miaka ishirini na tano. Tumekaa mbele ya watoto wenu tukawaeleza adabu ya kubisha hodi, kwamba mtu hubisha, husalimu, na akitojibiwa hurudi. Tumewasimulia Hadithi za kukataza kuchungulia ndani ya nyumba za watu. Na siku hiyo tulisimama juu ya baraza la mtu, bila ya hodi, bila ya salamu, tukachungulia kwa jicho ambalo halisahau. Suala la kupiga picha kwa ujumla wake wanavyuoni wamelizungumza kwa urefu, na safu hii si mahali pake. Anayelitaka na aje darsani baada ya Alasiri. Hili letu halikuhitaji fatwa.

Tulimwomba radhi. Tukamwambia, "Mama, tumekosa." Tukampa simu aitazame picha. Aliitazama, akamwita mjukuu wake ambaye sasa alikuwa amejifunga mtandio vizuri, naye akaitazama, akainamisha uso. Tukaifuta mbele ya macho yao, na kijana wetu akawaonesha kwamba imefutwa hata kule zinakokwenda picha zilizofutwa kabla ya kupotea kabisa, jambo ambalo sisi hatukulijua. Kisha bibi akasema, "Haya, salimu sasa." Tukasalimu. Akaitikia kwa ukamilifu, akatuambia tuingie.

Tulikaa kwake karibu saa moja. Chai yake ilikuwa na tangawizi. Alitueleza kwamba kila siku watu husimama juu ya baraza lake. Wengine huja na maharusi wao wakaegemea mlango wake, na yeye ndani hawezi kutoka kwenda sokoni mpaka wamalize. Wengine huja na wasichana wa kutangaza nguo, nguo zenyewe si za kusemwa katika waraka huu, wakajipanga mbele ya dirisha lake wakati wa swala. Mjukuu wake aliwahi kujikuta katika picha ya mtu asiyemjua, imesambazwa kwa watu wasiojulikana. "Wao wanapiga picha ya rangi," alisema. "Anayeinunua ile rangi ni mimi."

Tulimuuliza habari ya rangi hizo. Alituambia walivyokuwa wao wakisema nyumbani, kwamba zamani za upangaji kuta zilikuwa nyeupe tupu, na watu walipokuja kuzimiliki nyumba zao kila mtu akachagua rangi aipendayo. Ya kwake aliichagua marehemu mumewe. Yeye alitaka kijani.

Ndipo akatueleza lililo zito zaidi. Mtaa wake uliokoka pale ambapo jirani yake alikufa. Chini ya sheria ya makazi ya 1950 serikali ya ubaguzi iliwagawa watu kwa rangi zao, na Bo-Kaap ikatengwa kuwa ya Wamalay. Upande wa pili wa jiji, mtaa wa District Six ulitangazwa kuwa wa wazungu 1966, watu zaidi ya elfu sitini wakahamishwa na nyumba zao zikavunjwa. Misikiti iliachwa. Tuliwahi kupita huko siku ya pili: uwanja mkubwa wa majani katikati ya jiji, na misikiti imesimama, na watu bado husafiri kutoka mbali kuja kuswali Ijumaa katika msikiti wa wazazi wao. Tuliipiga picha na tulidhani tumepiga picha ya msikiti.

Sasa, alisema bibi, Bo-Kaap haivunjwi na serikali. Inanunuliwa. Jirani anauza kwa bei ambayo hakuwahi kuiota, na kwa sababu ya bei hiyo kodi ya jiji ya nyumba zilizobaki nayo hupanda, mpaka mjane mwenye nyumba ya urithi anajiona mpangaji. Nyumba iliyouzwa inakuwa ya wageni wa kulala siku tatu. Mwaka 2018 wakazi waliandamana na kukaa barabarani kuzuia majengo marefu yasipandishwe juu yao, na mwaka 2019 serikali ikazitangaza sehemu kadhaa za mtaa kuwa turathi za taifa. Bibi aliyasifu hayo, kisha akasema tangazo linahifadhi ukuta, halimhifadhi anayelala ndani. Watoto wake wawili wanamwambia auze. "Nikiuza," akasema, "na yule akiuza, na yule, imamu atageuka kusawazisha safu amwone nani?"

Hatukuwa na jibu. Tulikumbuka kuta za Ndia Kuu, na familia tunazozijua kwa majina zilizohama Mji wa Kale zikaenda Kisauni na Mtwapa, na nyumba zao sasa zina mabango. Tulimwambia hayo. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu asikiaye habari za jamaa yake.

Kabla hatujaondoka alituruhusu kuupiga picha mlango wake, umefungwa. Ile ndiyo picha ambayo mama watoto aliiona ya mwisho, mlango wa samawati katika ukuta wa manjano, na katika pembe moja kuna alama ya unga juu ya komeo. Baada ya hapo hatukupiga picha nyingine mtaani. Siku zilizobaki tulipanda kwa miguu mpaka Tana Baru, makaburi ya kale juu ya mtaa, alipozikwa Tuan Guru. Serikali ya wakoloni iliyafunga 1886, na siku chache tu baadaye Waislamu kwa maelfu walipanda kumzika mtoto hapo hapo, kuonesha kwamba hawakukubali. Tukasoma Fatiha. Kutoka pale mtaa wote unaonekana, na bahari, na meli zinazosubiri kuingia bandarini.

Tulipokuwa tunaagana bibi alikuwa ameomba jambo moja. Alisema sisi tumeiona nyumba yake, naye anataka kuiona ya kwetu. Tukafungua simu tukatafuta. Tulikuwa na picha za wajukuu, za msikiti, za mtumbwi wa shemeji yetu, za risiti za umeme. Ya nyumba yetu wenyewe, ambayo tumekaa miaka thelathini na moja, haikuwapo hata moja. Tukamwahidi kwamba tukifika tutamtumia.

Basi Ijumaa baada ya swala tulitoka nje na mama watoto kuitafuta hiyo picha. Yeye alitaka mlango na baraza, bila ya bomba la maji machafu. Juu ya baraza alikuwa amekaa jirani yetu mzee, kama anavyokaa kila siku, na fimbo yake na tasbihi. Tulimsalimu, tukamweleza habari ya bibi wa Bo-Kaap tangu mwanzo, tukamuomba ruhusa tumpige pamoja na mlango. Alifikiri kidogo, akasimama, akatuambia tumngoje. Kofia aliyoivaa haifai kwenda Afrika Kusini.